Kuzalisha kampaundi hatari kwa mtiririko usiokatika wa joto la juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaofanya kazi maabara au kwenye mtambo mdogo, wanaojua kemia ya kawaida ya chupa na pipa na sasa wanahamia kwenye mrija. Joto lote limetajwa kwa nyuzi za Selsiasi, na shinikizo kwa bar.

Mtiririko usiokatika unatofautianaje na kupika ndani ya pipa?

Katika pipa unaweka kila kitu, unapasha moto, unasubiri, kisha unatoa. Katika mtiririko, pampu inasukuma myeyusho bila kukoma kupitia mrija mwembamba uliozungushwa kama koili na kufungiwa ndani ya kipasha joto. Kila tone linakaa kwenye joto kwa dakika chache, linatoka, linapozwa, linapita kwenye vali ya kushikilia shinikizo, kisha linaingia kwenye chupa ya kupokelea.

Chukua koili ya ml 10, yenye kipenyo cha ndani cha mm 1 na urefu wa karibu mita 12.7. Pitisha ndani yake allyl phenyl ether (gramu 134 kwa moli) kwa ukolezi wa moli 1 kwa lita, ml 2 kila dakika. Ndani ya eneo la moto kuna gramu 1.3 tu za malighafi kwa wakati wowote, lakini baada ya saa 24 zimepita karibu gramu 390. Yote mengine kwenye ukurasa huu yanatokana na tofauti hiyo kati ya kilichomo na kinachopita.

Kwa nini kutumia nyuzi 200 au zaidi, wakati mmenyuko unakwenda hata kwa nyuzi 100?

Kwa sababu muda unapungua kupita kiasi ambacho wengi hukitarajia. Mfano unaojulikana ni wa kundi la Oliver Kappe katika Chuo Kikuu cha Graz, Austria: kutengeneza 2-methylbenzimidazole kutokana na o-phenylenediamine na asidi ya asetiki huchukua wiki 9 kwa nyuzi 25, saa 5 kwa nyuzi 100, dakika 10 kwa nyuzi 160, na sekunde 1 kwa nyuzi 270. Mmenyuko unaomalizika kwa dakika 3 unatosha kwenye koili ndogo. Ule wa saa 5 ungehitaji koili kubwa, na koili kubwa inarudisha shehena ileile tuliyotaka kuikimbia.

Kupasha moto zaidi kitu ambacho tayari ni hatari hakuongezi hatari?

Kunaongeza kasi ya kila kitu, pamoja na kasi ya kuoza. Kinachokuokoa ni jinsi joto linavyotoka. Kwa kiyeyushi cha kawaida cha ogani ndani ya mrija wa mm 1, joto la ziada hupita kwenye ukuta kwa muda wa sekunde 1 hivi. Ukipanua mrija hadi mm 10, muda huo unakuwa zaidi ya sekunde 80, kwa kuwa unakua kwa mraba wa kipenyo. Pipa la lita 1000 lenye koti la kupoza huhitaji zaidi ya dakika 20. Mmenyuko unaozalisha joto haraka kuliko dakika 20 utaliponyoka pipa hilo hata kama koti lake ni zima. Kwenye mrija wa mm 1 utabaki umeshikwa na ukuta.

Jambo la pili ni kwamba kila tone lina historia moja ya joto. Hakuna sehemu iliyoungua chini wakati ya juu bado mbichi.

Kwa hiyo mfumo huu ni salama wenyewe kwa asili yake?

Hapana, na tunaomba uliondoe wazo hilo kichwani kabla ya kushika spana. Kiwanda cha Flixborough, Uingereza, kilikuwa cha mtiririko usiokatika: cyclohexane ikipita kwenye mapipa sita mfululizo, nyuzi 155 na karibu bar 9. Pipa la tano lilipopata ufa liliondolewa, na mahali pake pakawekwa bomba la muda ambalo halikukokotolewa ipasavyo. Tarehe 1 Juni 1974 bomba lile lilishindwa, makumi ya tani za kioevu kilichokuwa juu ya kiwango chake cha kuchemka yakatoka, na watu 28 wakafa. Mtiririko ulikuwepo. Uchache haukuwepo.

Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, ilionyesha upande wa pili. Methyl isocyanate, sumu iliyovuja pale, haikuwa hata bidhaa ya mwisho. Ilikuwa kampaundi ya kati, imehifadhiwa kwa makumi ya tani ikisubiri hatua inayofuata. Mhandisi Trevor Kletz alikuwa ameshaanza kufundisha, tangu miaka ya 1970, kwamba kisichokuwepo hakiwezi kuvuja. Faida halisi ya mtiririko ni hapo: kampaundi hatari ya kati inatengenezwa na kutumiwa ndani ya mrija uleule, sekunde au dakika chache baadaye, bila kuwahi kukaa kwenye chombo.

Nipime nini kabla ya kuwasha chochote?

Anza na kalorimita ya skani, kifaa kinachopasha sampuli polepole na kupima joto inalotoa au kufyonza. Miligramu chache zinatosha, lakini ziwe ndani ya kikombe kilichofungwa kinachostahimili shinikizo. Kikombe kilicho wazi huacha sampuli iruke kama mvuke, na ule mvuke huficha joto la kuoza. Utapata mchoro mzuri na wa uongo. Pima vitu vitatu: myeyusho wa kuingiza, mchanganyiko ulio katikati ya mmenyuko, na kinachotoka.

Joto ambalo mchoro unaanza kupanda si mpaka wa usalama. Ukipasha polepole zaidi, mwanzo huo unashuka, mara nyingi kwa makumi ya nyuzi. Kwenye mtiririko unaweza kwa makusudi kufanya kazi juu ya joto ambalo usingethubutu kwenye pipa, kwa kuwa kitu kinakaa pale dakika 3 tu. Sharti lake ni kwamba myeyusho wa kuingiza uwe tulivu siku nzima kwenye joto la chumba, na kitokacho kiwe tulivu baada ya kupozwa.

Kisha kokotoa kupanda kwa joto endapo hakuna kinachotoka nje. Zidisha ukolezi kwa joto la mmenyuko, gawanya kwa uwezo wa lita moja kubeba joto. Kwa moli 1 kwa lita, kJ 150 kwa moli na kJ 1.7 kwa lita kwa kila nyuzi, jibu ni nyuzi 88. Kwa kawaida kupanda kusikozidi nyuzi 50, bila gesi, huhesabiwa kuwa kudogo; zaidi ya nyuzi 200 ni kukubwa sana. Ukipata 88, jiulize mchanganyiko ukiwa nyuzi 200 ukaongezewa 88 utaamsha kuoza kupi. Jibu lisiporidhisha, punguza ukolezi. Ni dawa rahisi kuliko zote na watu huiacha hadi mwisho.

Vifaa vinapangwa kwa mfuatano gani?

Kuanzia upande wa kuingilia: chupa ya myeyusho na chupa ya kiyeyushi kitupu, zote zikifika kwenye vali ya njia tatu, chujio la mikroni 2, pampu ya pistoni, vali ya kuzuia kurudi nyuma, moja kwa kila mkondo, sensa ya shinikizo, kisahani cha kupasuka (kinachopasuka chenyewe shinikizo likizidi) chenye bomba linaloelekea kwenye chombo tupu cha kupokea, kiunganishi cha mikondo, koili ya moto, koili ya kupoza, sensa ya pili ya shinikizo, vali ya kushikilia shinikizo, chupa ya kupokelea. Vyote viwe ndani ya kabati la kufyonza hewa, na koili iwe nyuma ya kioo kizito.

Kati ya kisahani cha kupasuka na koili kusiwe na vali yoyote ya kufungwa kwa mkono. Siku moja mtu ataifunga.

Vali za kuzuia kurudi nyuma zinaonekana ndogo, lakini bila hizo mkondo wenye shinikizo kubwa huusukuma mwenzake hadi kwenye chupa yake. Vitendanishi viwili vilivyotakiwa kukutana kwa ml 10 vinakutana kwa lita nzima.

Koili ya kupoza lazima ije kabla ya vali ya kushikilia shinikizo. Kwa mrija wa mm 1 na ml 2 kwa dakika, kioevu kinatembea sentimita 4 hivi kwa sekunde, kwa hiyo nusu mita ndani ya maji baridi inatosha kabisa. Kikifika kwenye vali kikiwa bado moto kitageuka mvuke papo hapo, vali itatapatapa, na mpira wake utaharibika.

Mrija uwe wa nini?

PFA, plastiki ya jamii ya Teflon inayopitisha mwanga, huonyesha rangi na mapovu, jambo zuri kwa kujifunza, lakini kadiri joto linavyopanda nguvu yake ya kubeba shinikizo inaporomoka. Tusingeitumia juu ya nyuzi 150 chini ya shinikizo. Chuma cha pua cha aina ya 316 ndicho chaguo la kawaida kwa nyuzi 200 hadi 300. Adui zake ni asidi ya hidrokloriki na chumvi za kloridi zikiwa moto, ambazo huitafuna na kuipasua. Hapo nenda kwenye Hastelloy C-276 (aloi ya nikeli) au silikoni kabaidi. Angalia pia kama ukuta wa metali unachochea kuoza: peroksidi ni mfano wa wazi. Weka vipande vya metali ileile ndani ya kikombe cha kalorimita, ulinganishe michoro.

Viungo vya pete mbili visichanganywe kutoka kwa watengenezaji tofauti hata kama vinaingiana. Na usikaze kiungo kikiwa na shinikizo, kamwe.

Niweke shinikizo kiasi gani?

Kiasi cha kukifanya kiyeyushi kibaki kioevu, pamoja na akiba. Maji kwa nyuzi 200 yana mgandamizo wa mvuke wa bar 15.5, na kwa nyuzi 250 karibu bar 40. Toluini kwa nyuzi 200 ni takribani bar 7.5. Ethanoli kwa nyuzi hizohizo ni karibu bar 30, na ikifika nyuzi 241 hivi inapita hali ya mwisho ya kuwa kioevu. Hapo hesabu zako za ujazo hazifai tena. Juu ya mgandamizo wa mvuke ongeza angalau nusu yake, na isiwe chini ya bar 5 za ziada. Mchanganyiko ukitoa kitu chepesi, kwa mfano methanoli, kokotoa kwa kile chepesi, si kwa kiyeyushi kikuu.

Muda wa kukaa kwenye joto ninaukokotoaje? Matokeo yangu hayalingani na hesabu.

Gawanya ujazo wa koili kwa kasi ya mtiririko: ml 10 kwa ml 2 kwa dakika ni dakika 5. Ila pampu inapima kioevu baridi. Toluini ina gramu 0.87 kwa ml kwenye joto la chumba na karibu 0.66 kwa nyuzi 200, maana yake imevimba na inapita haraka zaidi. Muda halisi ni karibu dakika 3.8. Ukichapisha au kuhamisha mchakato, andika ujazo, kasi ya pampu, joto na kiyeyushi. “Dakika 5” peke yake haimwambii mwenzako chochote.

Pia matone hayatembei kwa mwendo mmoja, kwani kioevu cha katikati ya mrija hukimbia kuliko kile kinachogusa ukuta. Pitisha rangi kidogo kwenye kiyeyushi, uone inaanza kutoka lini na inaisha lini. Ndiyo sababu hatuiamini sampuli yoyote kabla muda wa kukaa haujapita mara tatu.

Hatua za kuwasha na kuzima ni zipi?

Jaza mfumo wote kwa kiyeyushi kitupu, kikiwa baridi. Ziba mwisho kwa kizibo cha chuma, panda hadi mara 1.5 ya shinikizo la kazi, zima pampu na uangalie geji kwa dakika 15. Jaribio hili lifanywe kwa kioevu, si kwa gesi, kwa sababu gesi iliyobanwa huhifadhi nguvu nyingi na kuvunjika kwake ni mlipuko. Shinikizo la jaribio lisikaribie lile la kupasukia kisahani.

Toa kizibo, anzisha mtiririko, fikia shinikizo la kazi, ndipo uwashe joto. Utaratibu huu haugeuzwi. Acha kiyeyushi kitupu kipite kwenye joto kamili hadi joto na shinikizo vitulie kwa dakika 20. Geuza vali ya njia tatu kuelekea kwenye myeyusho. Kinachotoka katika muda wa kukaa mara tatu za kwanza kiende kwenye chupa ya taka.

Kuzima: rudi kwenye kiyeyushi kitupu huku joto likiendelea, pitisha ujazo wa koili mara tano, zima kipasha joto, endelea kusukuma hadi koili ishuke chini ya kiwango cha kuchemka cha kawaida, na mwisho kabisa shusha shinikizo. Ukishusha shinikizo la maji yaliyo nyuzi 200, karibu moja ya tano ya uzito wake hugeuka mvuke mara moja. Kila ml inazaa karibu ml 300 za mvuke. Koili ya ml 10 hutapika karibu lita 3 ndani ya kabati, na kilichokuwa kimeyeyuka kinabaki kimegandamana ukutani mwa mrija ulio bado moto.

Shinikizo linapanda polepole. Nisubiri?

Usisubiri. Linganisha sensa mbili. Ya mbele ikipanda na ya nyuma imetulia, kizuizi kiko kwenye kiunganishi au koili. Zikipanda zote pamoja, kizuizi kiko kwenye vali ya kushikilia shinikizo, ambapo kwa kawaida bidhaa imeganda baada ya kupoa. Badili kwenda kiyeyushi kitupu mapema, bar 5 juu ya kawaida, wakati bado kuna njia. Kizuizi cha baada ya kupoza mara nyingi huyeyuka ukipandisha joto la maji ya kupoza hadi nyuzi 40 au 50, au ukiingiza mkondo wa kiyeyushi chenye nguvu kabla ya vali.

Koili ikiziba kabisa ikiwa moto, usijaribu kuizibua kwa kuongeza nguvu ya pampu. Zima pampu zote na joto, funga kioo, ondoka mbele yake, iache ipoe.

Umeme ukikatika au pampu ikisimama?

Hili ndilo tukio tunaloliogopa kuliko uvujaji. Muda wa dakika 3 ndio uliokupa ruhusa ya kutumia joto lile. Pampu ikisimama, ruhusa imekwisha na joto bado lipo. Huko Seveso, Italia, tarehe 10 Julai 1976, mchanganyiko uliachwa umesimama bila kukorogwa mwanzoni mwa mapumziko ya mwisho wa juma. Joto lililobaki kwenye ukuta wa pipa likapasha tabaka la juu, na saa kadhaa baadaye mmenyuko ukaponyoka na kumwaga dioksini, sumu kali, juu ya makazi ya watu.

Kwa hiyo weka chupa ya chuma yenye kiyeyushi kitupu, iliyosukumwa na naitrojeni kwa shinikizo lililo juu ya lile la kazi, ikiwa na vali inayofunguka yenyewe umeme unapokatika. Ujazo wake uwe angalau mara tano ya koili. Kipasha joto kiwe cha bloku ya alumini au oveni yenye hewa inayozunguka, chenye kikata umeme cha joto kinachojitegemea, kisichopitia kompyuta ileile inayoendesha pampu. Bafu la mafuta hubaki moto kwa muda mrefu, nayo yakimwagika ni moto wa pili.

Programu ya ulinzi itofautishe visa. Joto likizidi: simamisha vitendanishi, endeleza kiyeyushi. Shinikizo likizidi: simamisha pampu zote, zima joto. Shinikizo likishuka ghafla: umevuja, simamisha pampu zote na uzime joto. Kosa la kawaida ni kuandika “simamisha kila kitu” kwa visa vyote vitatu, na hivyo kukiacha kitu hatari kimelala kwenye moto.

Mmenyuko wangu hutoa gesi.

Gesi huchukua nafasi ndani ya koili na kukisukuma kioevu nje mapema, basi muda wa kukaa unapungua bila wewe kugusa pampu. Dalili ni mtiririko unaotoka kwa kurukaruka na malighafi isiyobadilika kwenye sampuli. Shinikizo kubwa zaidi hubakiza sehemu ya gesi ikiwa imeyeyuka. Mwishoni weka chombo cha kutenganisha gesi, na bomba lake lipite kwenye kinachoiua gesi hiyo, yaani kinachoigeuza isiwe na madhara, si kwenye kabati moja kwa moja.

Mavuno yalikuwa mazuri asubuhi, jioni yameshuka.

Pima kwanza kasi halisi: pokea kwa dakika 5 kwenye silinda au juu ya mizani. Mara nyingi ni vali za pampu zilizonata au chujio lililoziba, na mkondo mmoja umepungua. Kama kasi ni sahihi, tafuta tabaka la lami kwenye ukuta wa koili, halafu uthabiti wa myeyusho wenyewe chupani.

Mimenyuko ipi haifai?

Inayozaa mango yasiyoyeyuka kwenye joto la kazi, inayohitaji zaidi ya nusu saa hata kwa nyuzi 250, na ile ambayo kitendanishi chake huoza haraka kuliko kinavyofanya kazi. Kwa kujifunzia, mgeuko wa Claisen (molekuli kujipanga upya kwa joto) wa allyl phenyl ether kuwa 2-allylphenol ni mzuri sana: mkondo mmoja, hakuna gesi, hakuna mango, na hukamilika ndani ya koili joto likiwa juu vya kutosha, zaidi ya nyuzi 200.

Nikitaka kuzalisha mara kumi zaidi?

Endesha muda mrefu zaidi kwanza. Kisha ongeza kasi na urefu wa koili kwa pamoja, ukiangalia upotevu wa shinikizo. Baada ya hapo weka koili sambamba, kila moja na pampu yake, kwa sababu pampu moja iliyogawanywa hulisha njia rahisi na kuinyima iliyoanza kuziba. Kupanua kipenyo kuwe kwa mwisho, na kila unapokipanua rudia hesabu ya joto tangu mwanzo, ukikumbuka ule mraba.

Chupa ya kupokelea ina haja gani ya uangalizi, si imeshapoa?

Ndiyo sehemu ya mtambo yenye kampaundi nyingi kuliko zote. Ukikusanya usiku kucha kwa ml 2 kwa dakika, asubuhi una karibu lita 1.5 za kitu ulichojenga mtambo mzima ili usikiweke pamoja. Kama ni kampaundi ya kati, iunganishe moja kwa moja na hatua inayoitumia. Kama ni lazima iuawe, kiuaji kiwe tayari ndani ya chupa, kinakorogwa na kupozwa, na kiasi chake kikokotolewe kwa zamu nzima pamoja na ziada, kwa kuwa chupa iliyomaliza kiuaji chake saa nane usiku haitoi ishara yoyote. Tumia chupa ndogo na ubadilishe kila baada ya saa moja au mbili, zile zilizojaa zikiondolewa kwenye kabati lenye koili. Chupa ya kuingizia nayo ipimwe kwa zamu moja tu, si kwa wiki.